Punguza Juu

Tangu Jumatatu asubuhi Semei Kirunda alikuwa hawezi kukaa kitako hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Aliinuka, akaenda dirishani, akawatazama waendesha boda boda wakisukuma baiskeli zao kupanda mwinuko wa Mpumudde, akarudi mezani, akafunua kitambaa, akaitazama bastola iliyolala ndani yake, akaifunika tena. Mkewe Eseza, mwalimu mstaafu aliyezoea kuhesabu wanafunzi wanaotoka nje bila ruhusa, alizihesabu safari hizo hadi ya tisa, kisha akakata tamaa.

"Baba Ritah," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua, "kama hiyo kitu inakuuma, irudishe ilikotoka."

"Hainiumi."

"Basi kaa."

Hakukaa.

Bastola ililetwa na afisa wa magereza aitwaye Jude Okiror, mtu wa Teso mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Ilikuwa Julai ya mwaka 1996, na Semei alikuwa amestaafu miaka mitano kutoka karakana ya silaha ya Jinja, ambako kwa miaka thelathini na moja alizipokea, kuzitengeneza na kuzirudisha silaha za magereza ya mashariki yote. Jude alikuwa ameiweka bastola mezani kama mtu anayeleta samaki mkubwa.

"Mzee, hii ndiyo nyanya yenu, bibi wa silaha zote. Mwingereza alikuja nayo. Mkubwa anataka iingie kwa kabati ya vioo, Jumamosi wageni wanakuja kuona vitu vya zamani. Lakini huku mbele kuna mtu alichezea. Wewe rudisha vile ilizaliwa."

"Ilikuwa ya kituo gani?"

"Aa! Kumbe hujaijua? Mzee Semei, hii ndiyo ile ya mguu!" Jude alijipiga paja akicheka. "Mguu wa Wepukhulu!"

Semei naye alicheka, maana kila aliyewahi kuvaa sare ya magereza katika mashariki alicheka akisikia maneno hayo. Mwaka 1968, katika gereza moja la mashamba nje ya Mbale, mfungwa kijana aitwaye Asadu, mzaliwa wa mtaa wa Namatala mjini humo aliyebakiza miezi minne tu, alitupa jembe na kutimua mbio kuelekea mahindini. Askari Gaster Wepukhulu alifyatua risasi moja. Mbele ya kamati ya uchunguzi aliapa kwamba alikuwa amelenga mguu. Risasi ilikuwa imeingia mgongoni, katikati ya mabega. Kamati haikumshtaki kwa kuua, kwa kuwa sheria ilimruhusu kumpiga mtoro. Ilimfukuza kazi kwa kuidanganya. Tangu siku hiyo uongo wa wazi ulipata jina katika kambi zote. Askari akichelewa na kusingizia pancha ya baiskeli, aliulizwa: pancha ya kweli au mguu wa Wepukhulu? Semei alikuwa ameyatumia maneno hayo mara nyingi asizoweza kuzikumbuka. Aliwahi kuyatumia hata nyumbani, kwa wanawe.

Jude alitoa mfukoni kadi nyeupe iliyokwisha kupigwa chapa. "Na hii itakaa chini yake." Semei aliisoma: *Bastola ya askari aliyelenga mguu akapiga mgongo, 1968.*

"Wageni watacheka," alisema Jude.

Baada ya afisa kuondoka, Semei alichukua lenzi yake na kukitazama kilengeo cha mbele, yaani ule ulimi mdogo wa chuma unaosimama kwenye ncha ya mtutu, ambao mlengaji huupatanisha na mfuo ulioko nyuma. Hapo ndipo utulivu ulipomtoka.

Jumanne aliifunga bastola kwenye jiliwa, taya zake zikiwa zimevikwa ngozi, na kuanza kazi kwa utaratibu aliowafundisha mafundi wengi: kwanza tazama, pili pima, tatu andika, na tupa, chombo cha kukwangulia, iguse chuma mwisho kabisa. Alitazama. Ulimi wa kiwandani huwa na kichwa kilichoviringwa kidogo. Huu ulikuwa bapa kama paa la kibanda. Alipima, akalinganisha na mchoro wa daftari lake la mafunzo. Ulipungua milimita mbili kamili. Aliandika. Kisha akausugua kwa kitambaa chenye mafuta mpaka weusi wa juu ukafifia, na chini yake ikajitokeza mikwaruzo ya tupa, myembamba, iliyopangana vizuri, yote ikiinama upande mmoja.

Ilikuwa imeinama upande usio wake. Fundi anayeshika tupa kwa mkono wa kulia huacha mistari inayoinama huku; hii iliinama kule. Semei aliutazama mkono wake wa kushoto, ulioshika lenzi. Katika karakana ile ya miaka ya sitini walikuwa mafundi wanne, na mashoto alikuwa mmoja.

Alifungua skrubu, akautoa ulimi kwenye kitako chake, akaugeuza. Kwa chini, pasipoonekana na mtu, palikuwa na alama ndogo ya msalaba aliyokuwa akiipiga kwenye kila kazi aliyoimaliza. Aliuweka ulimi kwenye kiganja. Ulikuwa mwepesi kuliko ukucha.

Ndipo ile karatasi iliyokuja na bastola mwaka ule ikamrudia akilini, maneno yake na hata mwandiko wake. Ilikuwa imefungwa kwa uzi wa katani kwenye kikingio cha kifyatulio, nayo ilikuwa na namba ya silaha na maneno mawili kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: PUNGUZA JUU. Semei, kijana wa miaka thelathini na mitatu wakati huo, aliyejulikana kwa kumaliza kazi sita wengine wakiwa kwenye ya tatu, aliyasoma mara moja na kuyaelewa mara moja. Kuna kitu cha juu, kipunguzwe. Na kitu cha juu katika bastola, kinachoweza kupunguzwa, ni ulimi wa kilengeo. Alichukua tupa.

Sasa, miaka ishirini na minane baadaye, alisimama katikati ya chumba na kuyasoma upya kwa masikio ya mtu aliyekuwa ameyaandika. Huyo hakuwa fundi. Alikuwa askari wa Kigisu, Kiswahili chake ni cha kambini, chenye maneno machache ya kubeba mambo mengi. Bastola yake ilikuwa ikipiga juu ya mahali anapolenga, akataka hiyo *juu* ipunguzwe, risasi zishuke. Na dawa ya bastola inayopiga juu ni kuongeza urefu wa ulimi wa mbele. Ukiupunguza, mlengaji hulazimika kuinua ncha ya mtutu ili auone tena kwenye mfuo wa nyuma. Mtutu ukiinuka, risasi hupanda. Semei alikuwa ameukuza ugonjwa ule ule alioombwa kuutibu.

Alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Milimita mbili kwenye bastola ya urefu ule, kwa hatua hamsini, ni zaidi ya sentimita arobaini. Ongeza na ule ubovu wa mwanzo, ambao kipimo chake hakukijua. Mtu akilenga goti, risasi itapita wapi? Hakuliandika jibu lake. Alitoka nje, akazunguka nyumba mara mbili, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Eseza alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa majini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nikitengeneza ulimi mpya, ushahidi umekwisha. Tena itakuwa mbaya zaidi. Yeyote atakayeipima bastola hiyo kesho ataona inapiga vizuri, na atasema, kumbe kweli yule mzee alidanganya."

"Na usipotengeneza?"

"Jude atampa fundi mwingine."

"Huyo Wepukhulu yu hai?"

"Nimesikia yuko Namatala."

"Basi mimi unaniambia nini?" alisema Eseza, akikung'uta maji vidoleni. "Mimi ndiye Wepukhulu?"

Usiku huo hakulala, na alfajiri alikuwa tayari kwenye jiliwa. Alikata ulimi mpya kutoka kipande cha shafti kuukuu, akaupiga tupa kwa kufuata mchoro, akaupima kila baada ya mikwaruzo kumi, akakiviringa kichwa chake polepole mpaka kikalingana na kile cha kiwandani. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri; ni yeye mwenyewe tu aliyekuwa akijigonga kwenye meza na kuangusha vitu. Saa tatu alipanda boda boda hadi kambini kumtafuta Jude, akamwomba uwanja wa shabaha na risasi za aina ile, kama zipo.

"Mzee, ni ya kabati! Nani atapiga na kabati?"

"Silaha haitoki mikononi mwa fundi bila kujaribiwa, afande. Ndiyo kanuni."

Aliposema hivyo aligeuza uso, akajifanya anatafuta miwani.

Risasi za zamani zilipatikana nane. Jude alichora mtu kwenye boksi la sabuni lililokunjuliwa, akamchora na tumbo kubwa na kofia, akamsimamisha hatua hamsini mbele ya tuta. Semei aliufunga kwanza ulimi wa zamani, ule uliokatwa. Aliuegemeza mkono kwenye gunia la mchanga.

"Ninalenga goti la kushoto," alisema. "Shika neno hilo."

"Mzee, usianze mambo ya miguu."

Risasi ya kwanza haikulia. Ya pili ililia, ya tatu ikalia, ya nne ikalia. Jude alikwenda mbio mbio kutazama, akicheka kabla ya kufika, na Semei akakisikia kicheko hicho kikikatika kama redio iliyoishiwa betri. Matundu yote matatu yalikuwa kifuani, yamekaribiana kiasi cha kufunikwa na kiganja kimoja.

Semei alibadilisha ulimi, akaufunga ule mpya, akalenga goti lile lile. Mara hii risasi mbili ziliingia pajani, shubiri na ushee juu ya goti.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa kabla haijaletwa kwangu," alisema. "Ilipiga juu kidogo. Mwenyewe aliliona hilo, akaomba itengenezwe."

"Ikaletwa kwako?"

"Kwangu."

Jude alimtazama mzee, akamtazama mtu wa boksi. Alitoa ile kadi nyeupe mfukoni, akaisoma kimya, akaitia mfuko mwingine, wa ndani. "Nitasema na mkubwa," alinong'ona. "Siahidi kitu. Lakini hii haitakaa pale." Aliipokea bastola ikiwa na ulimi wake mpya. Ule wa zamani Semei aliufunga kwenye karatasi ya sigara na kuutia mfukoni mwa shati, na hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, saa sita mchana, alikuwa Namatala. Alipita kati ya wachukuzi wa mizigo waliolala juu ya mikokoteni yao, akaruka mitaro, akaulizia mara tatu, na kila alipoelekezwa alishukuru haraka haraka, akaondoka kabla maelezo hayajakwisha, kisha akalazimika kuuliza tena. Mara ya tatu mwanamke mmoja alimwambia, "Baba, kwani unafukuzwa?"

Gaster Wepukhulu alikuwa kibarazani akikaza kamba za kitanda. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipoinuka aliinuka kiaskari, visigino pamoja. Binti yake Namono alileta kigoda na chai ya maziwa, akaenda zake nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa fundi wa silaha Jinja," alisema Semei. "Jina langu Kirunda."

"Afande Kirunda!" Mzee alitabasamu. "Mimi nakumbuka jina. Lilikuwa kwa karatasi zote. Karibu sana, afande. Fundi mzuri, walikuwa wanasema."

Ingekuwa afadhali angemtukana. Semei alifungua karatasi ya sigara, akakiweka kile kipande cha chuma kwenye ukingo wa kitanda, kati yao, akaeleza. Alieleza kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza mbele ya wanafunzi: urefu wa kiwandani, urefu uliobaki, mistari iliyoinama upande wa mashoto, matundu matatu kifuani. Alieleza maneno mawili ya ile karatasi, jinsi mwandishi alivyoyakusudia na jinsi msomaji alivyoyachukua. Wepukhulu alisikiliza mikono ikiwa imeacha kamba.

"Kwa hiyo nililenga mguu," alisema mwishowe.

"Ulilenga mguu."

"Unajua, afande, miaka ya mwanzo nilikuwa najua. Baadaye watu wakicheka, wakicheka, nikaanza kujiuliza. Pengine nilikasirika. Pengine jicho lilipanda lenyewe kwa mgongo wa yule mtoto na mimi sikuliona. Mke wangu alikufa mimi nikiwa bado najiuliza." Alikichukua kile kipande, akakisogeza karibu na jicho. Kisha uso wake ukabadilika, na Semei akaona jambo alilokuwa hakulitarajia: mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kujilaumu. "Niliandika mimi. Punguza juu. Ningeandika vizuri, bastola inapiga juu, fanya ipige chini. Nilikuwa sijui Kiswahili ya kuandika. Kumbe ni Kiswahili yangu iliua mtoto wa watu!"

"Maneno yalikuwa na maana mbili," alisema Semei.

"Eh. Na mimi ndiye niliyapeleka."

Chai ilikuwa imeanza kutanda utando juu. Semei aliuona mlango ukiwa wazi mbele yake. Angeweza kuinuka sasa, kushikwa mkono, kurudi Jinja akiwa mtu mwema aliyesafiri kuleta ukweli; na mzee huyu angebaki hapa na lawama mpya badala ya ile ya zamani, tena amekabidhiwa na yule yule fundi. Aliinuka kweli. Alifika ukingo wa baraza, akageuka, akarudi, akakaa.

"Mzee Wepukhulu, kuna jambo sijalisema."

"Sema."

"Fundi akimaliza kazi kwenye kilengeo, ni lazima aende uwanjani kupiga risasi tano. Ndipo anasaini kwenye karatasi kwamba imejaribiwa. Ningepiga hata moja, ningeona imezidi kupanda. Ningekuuliza ulichokuwa unataka. Neno lingekuwa na maana mbili au kumi, ningeuliza." Alikisogeza kikombe cha chai pembeni. "Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, uwanja umejaa matope, na mimi nilikuwa nataka kumaliza kazi sita. Sikwenda. Nilisaini."

"Ulisaini?"

"Nilisaini imejaribiwa."

Mahali fulani nyuma ya nyumba Namono alikuwa akipasua kuni, na kila pigo la shoka Semei alilisikia mbavuni. Mzee alikifunga kile kipande ndani ya karatasi yake, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Na wewe," aliuliza, "ulikuwa unasema pia? Mguu wa Wepukhulu?"

"Nilikuwa nasema."

"Ukicheka?"

"Nikicheka."

Mzee alipumua kwa nguvu, mara moja, kwa pua. Ngumi yake ilikuwa imekunjwa juu ya karatasi. Semei alingoja, na katika kungoja huko, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, hakuhamisha hata mguu.

"Dada yake Asadu yuko hapa," alisema Wepukhulu. "Mastula. Anauza chumvi na mafuta ya taa pale kwa kona. Miaka yote mimi nanunua kwake. Nikijaribu kumwambia nililenga mguu, anasema, chumvi kiasi gani?" Aliinuka, akakung'uta suruali. "Mimi sitamwambia tena. Utamwambia wewe. Na usianze na maneno ya Kiswahili yenye maana mbili, huko usianze. Anza na saini."

"Nitaanza na saini."

"Namono! Mimi narudi."

Walitembea, Wepukhulu mbele, Semei hatua mbili nyuma yake kama mtu anayepelekwa kituoni. Kwenye kona palikuwa na kibanda cha mbao, na ndani yake mwanamke mnene aliyejitanda kitambaa cheupe alikuwa akimimina mafuta ya taa kwenye chupa ya mteja kwa faneli. Aliwaona, akaendelea kumimina mpaka tone la mwisho. Mteja akaondoka.

"Chumvi kiasi gani?" aliuliza Mastula.

"Leo si chumvi," alisema Wepukhulu. "Huyu bwana ametoka Jinja. Ana neno."

Semei aliivua kofia yake. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama karibu wakibishana juu ya mpira, na alijua watasikia, lakini hakuwangoja waondoke.

"Mama," alisema, "jina langu ni Semei Kirunda, nilikuwa fundi wa silaha. Mwaka 1968 nilisaini kwamba nimeijaribu bastola ambayo sikuijaribu. Ndiyo iliyomuua ndugu yako."

Mastula aliiweka faneli juu ya debe. Alimtazama Wepukhulu kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mgeni, akavuta kiti chake cha plastiki hadi kwenye ukingo wa kibanda, akaketi.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Na huyu mzee akae mahali ninapomwona."